Bahasha ya Lamu yenye stempu ya Kijerumani: usiitie maji

SUALI: Katika makaratasi ya marehemu babu nimekuta bahasha yenye stempu ya Kijerumani ya pfennig 20 (pfennig ni senti ya Kijerumani), muhuri umeandikwa LAMU OSTAFRIKA. Natayarisha kurasa za maonyesho juu ya visiwa vinavyogombaniwa, pamoja na stempu za Chagos na Falkland. Nimeshauriwa niibandue stempu kwa maji ya vuguvugu. Nitajuaje kama ni ya kweli, na niipangeje? (Msomaji, Langoni, Lamu)

JIBU: Ndugu yangu, tafadhali usiibandue. Stempu hiyo iliuzwa kila posta ya Ujerumani na haina uadimu wowote. Kinachoifanya iwe ya Lamu ni muhuri, na sehemu ya muhuri imekaa juu ya karatasi ya bahasha. Ukiitia maji utakuwa umeupasua ushahidi vipande viwili.

Kwa kuwa stempu ni rahisi kupatikana, wadanganyifu huzigongea mihuri ya Lamu ya uongo. Anza na tarehe. Wakala wa posta ya Kijerumani ulifunguliwa Lamu tarehe 22 Novemba 1888 na kufungwa 31 Machi 1891. Muhuri ulio nje ya hapo ukatae. Kisha tazama tai. Toleo la 1880 lina tai ndani ya duara la yai. Toleo lililoanza mwishoni mwa 1889 lina tai ndani ya duara kamili. Tai wa duara kamili mwenye muhuri wa mapema 1889 hawezi kuwa wa kweli. Pfennig 20 ndiyo iliyokuwa nauli ya barua ya nje isiyozidi gramu 15. Pindua bahasha utafute muhuri wa posta ilikofikia, na utumie kioo cha kukuza kuona kama wino umepita bila kukatika kutoka kwenye stempu hadi kwenye karatasi. Ikifaulu yote hayo, piga skani ya dpi 600 pande zote mbili uwapelekee wataalamu wa Bund Philatelistischer Prüfer, chama cha wakaguzi wa stempu cha Ujerumani, kabla ya kuituma yenyewe.

Katika kupanga, tarehe ya muhuri ina uzito mkubwa. Kampuni ya Wajerumani ya Witu, usultani wa bara karibu na Lamu, na kampuni ya Waingereza ziligombania kukodishwa ushuru na usimamizi wa Lamu. Tarehe 17 Agosti 1889 msuluhishi, Baron Lambermont wa Ubelgiji, alilikataa dai la Wajerumani, Sultani wa Zanzibar akabaki huru kumkodisha amtakaye. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1 Julai 1890 ukaiondoa Ujerumani hata Witu. Posta yao lakini iliendelea kugonga mihuri Lamu kwa miezi tisa zaidi! Kwa hiyo bahasha ya baada ya Julai 1890 ndiyo ningeitafuta kwa hamu kuliko zote.

Falkland nayo, inayogombaniwa na Uingereza na Argentina, itafute kwa namna hiyo hiyo. Stempu za 1933, za miaka 100 ya utawala wa Uingereza, zinaonyesha dai la upande mmoja tu zikiwa peke yake. Argentina haikuzitambua, barua zikatozwa kama zisizolipiwa. Tafuta bahasha yenye alama ya T ya deni.

Stempu za Chagos, visiwa vinavyodaiwa na Mauritius, zilianza Januari 1968 kwa stempu za Shelisheli zilizopigwa chapa B.I.O.T. (British Indian Ocean Territory, jina la Waingereza la eneo hilo). Agosti 2021, huko Abidjan, Umoja wa Posta Duniani uliamua kutozitambua tena stempu za B.I.O.T. Hazikugeuka bandia, ziandikie tu mwaka huo pembeni.

Usitumie gundi wala seloteipu. Bahasha ikae ndani ya mfuko wa poliesta, ishikwe kwa pembe za karatasi. Plastiki laini ya PVC hutoa mafuta yanayobadilisha rangi ya wino. Unyevu wa Lamu huleta madoa ya kutu na kuinatisha gundi ya stempu ambazo hazijatumika, basi zitunze kwenye kopo la kufunga lenye silika jeli, ukiikausha kila inapobadilika rangi. Ukutani, kwa maonyesho, weka nakala.