Bibi Mifugo Anajibu: Paka wa Darajani hatoki uvunguni

SWALI: Shikamoo Bibi Mifugo. Naishi Michenzani, Unguja, ghorofa ya tatu, pamoja na mume wangu, mama mkwe wangu na paka watatu. Karafuu ni dume mwekundu, kahasiwa. Bi Shaba ni jike mtu mzima, na Doti ni kijana asiyejua kutulia. Wiki iliyopita nimeleta wa nne, Tunu. Huyu nilimzoea soko la samaki Darajani. Kila nikienda ananifuata mpaka kwenye meza ya vibua, nainama namkuna kichwa, naye anainua mkia. Muuza samaki mwenyewe ndiye aliyenambia nimchukue kabla hajakanyagwa na gari.

Tangu aingie ndani kawa paka mwengine kabisa. Kajichimbia uvunguni mwa kitanda cha mama mkwe, tukimvuta anatoa makucha. Chakula nakikuta kimeliwa asubuhi, lakini sijui kala nani. Karafuu akimwona anamfokea khhh mpaka nywele zinamsimama. Afadhali Bi Shaba, yeye hana neno naye, hukaa tu mlangoni akamtazama. Juzi Tunu kakojoa juu ya mto wa mama. Beseni la mchanga wanatumia moja wote, liko mwisho wa ukumbi karibu na choo.

Nilitaka kumweka stoo, mama mkwe akakataa. Kasema yuko mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka. Jirani anasema niwafungie wote wanne chumba kimoja usiku mmoja, watatoka ndugu. Mume wangu anasema arudi sokoni. Nimechoka. Nifanyeje? – M.S., Michenzani

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole.

Jirani yako usimsikilize hata kidogo. Mimi nimefanya kazi ya mifugo Tanga miaka mingi. Mbuzi mgeni ukimtia zizini, watapigana pembe siku hiyo, kesho wanakula majani pamoja, kwa sababu mbuzi ni mnyama wa kundi, akili yake yote inamtuma atafute nafasi katika kundi. Paka hakuumbwa hivyo. Anawinda peke yake na ana eneo lake, na paka asiyemjua akitokea ndani ya eneo hilo ni mvamizi. Wafungie usiku mmoja, asubuhi utamkuta mmoja juu ya kabati, mmoja jicho limepasuka, na chuki ambayo utaisuluhisha kwa miezi.

Sasa mama mkwe. Hadithi anayoitaja ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim, na namheshimu kwa kuikumbuka. Lakini msomee mpaka mwisho: yule mwanamke alimfunga paka asimpe chakula, wala asimwachie akale wadudu wa ardhini. Kosa liko hapo. Wewe unataka kumpa Tunu chumba chenye chakula, maji, mchanga na mahali pa kujificha, na uingie kumwona mara kadhaa kwa siku. Hicho ni chumba cha mgeni. Mwombe mama mwenyewe awe anampelekea chakula cha jioni, utaona moyo wake unavyolainika.

Nije kwa jambo lililonifanya niichague barua yako. Umemlaumu Karafuu na kumsifu Bi Shaba. Mimi naona kinyume. Karafuu anafoka, na kufoka ni lugha ya paka ya kusema "usinisogelee", ni njia ya kukwepa ugomvi. Usimpige wala usimkemee kwa hilo. Anayenitia wasiwasi ni huyo bibi aliyekaa mlangoni kimya akitazama. Kwa paka, kukodolea macho ni kitisho. Tazama ramani ya nyumba yako: kitanda kiko ndani, beseni liko mwisho wa ukumbi, na Bi Shaba kakaa katikati. Hapigani kwa sababu hana haja, njia ni yake. Tunu akibanwa na mkojo atakwenda wapi? Mto wa mama ulikuwa karibu. Hakufanya jeuri wala hakulipiza kisasi, alikuwa hana pa kupita.

Kwa hiyo leo hii, kabla ya jambo jengine lolote, Tunu apate beseni lake ndani ya chumba chake. Kanuni tunayofuata ni mabeseni sawa na idadi ya paka na moja zaidi, yaani kwako matano. Najua fleti ya Michenzani haina nafasi ya matano. Basi yawe matatu, ila katika sehemu tatu tofauti. Ukiyapanga mawili pamoja, paka huyahesabu kuwa moja, maana mlinzi mmoja anayazuia yote. Mchanga wa ujenzi uliochekechwa unafaa, na kwa paka wa nje kama Tunu una harufu anayoijua. Toa uchafu kila siku. Ule mto ufue kwa sabuni na maji mengi, kisha suuza kwa siki iliyochanganywa na maji, uanike juani. Usitumie dawa kali ya kuua vijidudu yenye harufu ya klorini, wako paka wanaorudi kukojoa palepale wakiisikia.

Stoo itafaa ikiwa ina dirisha na haina joto la kuua. Weka boksi gumu la katoni, ulikate mlango upande mmoja na tundu la pili la kutokea, ulilaze ukutani mkabala na mlango ili aone anayeingia. Usidhani boksi linamzidishia woga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walichapisha mwaka 2014 majaribio waliyofanya na paka 19 waliofikishwa karibuni kwenye kituo cha wanyama. Waliopewa maboksi ya kujifichia walipungukiwa na msongo upesi kuliko wenzao waliokosa. Paka anayejua ana pa kukimbilia ndiye anayethubutu kutoka. Ndiyo maana nakuomba msimvute tena uvunguni. Kila mkimvuta mnamthibitishia kwamba hata kule hakuko salama. Kumhamisha, weka kikapu chenye kifuniko chumbani na kipande cha kibua ndani, watu wote watoke, na muwe na subira.

Kibua huyo achemshwe bila chumvi wala kitunguu, utoe miiba. Mpe Tunu peke yake, mlango umefungwa, ndipo utajua nani anakula. Hili si dogo. Paka akikaa siku mbili bila kula chochote, hasa akiwa mnene, mafuta huanza kujazana kwenye ini na anaweza kufa. Siku ya pili ikipita sahani haijaguswa, mpigie daktari wa mifugo, usisubiri.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Paka mgeni wa tabia ya Tunu siku ya tatu humpi jembe, unamwongezea godoro. Wengine hutulia kwa wiki, wengine wanataka miezi, na mwenye kupanga ni yeye.

Wakati huo kazi yako ni harufu, kwa sababu paka hufahamiana kwa pua kabla ya macho. Chukua kanga kuukuu, ikate vipande vinne, kila paka na chake. Karafuu akiwa amesinzia, pitisha kipande taratibu shavuni mwake, kisha juu kidogo, pale kati ya jicho na sikio ambapo nywele ni chache. Hapo na mashavuni pana tezi za harufu, ndizo anazozisugua kwenye miguu ya meza na kwenye sketi yako. Kipande hicho kilaze karibu na sahani ya Tunu, si chini yake. Kipande cha Tunu kipeleke ukumbini, nacho karibu na chakula cha wenzake. Tunu mwenyewe usimshike kwa nguvu kumfuta, weka kitambaa ndani ya boksi alalie. Badilisha kila siku. Wakikinusa wakaendelea kula, mmepiga hatua. Wakikifokea, kisogeze mbali na sahani na ujaribu tena kesho.

Nyumba za Unguja najua jioni zinafukizwa udi. Sikukatazi chetezo, lakini chumba cha Tunu kiruke kwa sasa, na kwengine punguza. Moshi ule mtamu kwetu unawafutia paka alama zote walizoziweka, inakuwa kila siku wameingia nyumba mpya.

Harufu ikizoeleka, anza kuwalisha pande mbili za mlango uliofungwa. Sahani ziwe mbali kwanza, kila siku uzisogeze kidogo. Baadaye mwite fundi akugongee fremu ya mbao yenye waya wa kuku, uiegemeze na kuifunga imara mlangoni. Sasa wanaonana lakini hawafikiani. Mtangulize Doti. Kijana ana udadisi kuliko ubabe, na Tunu akifanikiwa kupata rafiki mmoja, wengine huwa wepesi. Karafuu afuate. Bi Shaba awe wa mwisho, tena akishashiba. Akianza kukodoa macho, pitisha kipande cha katoni katikati kumkatia mtazamo, mwite upande mwengine, mpe kitu. Siku utakapoondoa fremu, vikao viwe vifupi na vyenye chakula. Ikitokea wamerukiana, usitie mkono, kuumwa na paka kunaoza haraka. Angusha sinia sakafuni ili kelele iwatenganishe, au watupie shuka zito.

Na wewe binafsi? Ingia stoo, kaa chini, ubavu umeelekea kwake, soma au zungumza na simu kwa sauti ya chini. Akikutazama, fumba macho polepole na uyafumbue polepole. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha mwaka 2020 kwamba paka hujibu ishara hiyo kwa kufumba yao, na kwamba humkaribia zaidi mtu aliyewafumbia macho hata kama ni mgeni kwao. Kwangu Ngamiani jirani zangu hunicheka nikifanya hivyo. Wacheke.

Mambo ya afya nayapitia haraka, lakini usiyaruke. Kabla Tunu hajakutana na wenzake ana kwa ana, apimwe na daktari, apewe dawa ya minyoo na viroboto, na chanjo, ikiwemo ya kichaa cha mbwa, maana paka naye huugua na kuambukiza. Paka wa sokoni anaweza kuleta panlukopenia, ugonjwa wa kutapika na kuharisha ambao kirusi chake hudumu ndani ya nyumba hata mwaka mzima. Hao watatu wako nao chanjo zao zitazame. Kwa viroboto, usimpake kabisa dawa ya mbwa yenye permethrini, inaua paka. Afungwe kizazi atakapokuwa anakula vizuri. Kisha mwangalie Karafuu: dume akiwa na msongo, njia ya mkojo inaweza kuziba. Ukimwona anachuchumaa mara kwa mara na hakitoki kitu, ni dharura ya siku hiyohiyo, hata kama ni sikukuu.

Mume wako asionekane mbaya kwa kusema arudi sokoni. Wako paka ambao kurudi ndiyo haki yao. Mtoto wa paka asiyeshikwa na binadamu kati ya wiki ya pili na ya saba ya maisha yake, akikua ni vigumu sana kupenda kuishi ndani. Hao huhasiwa, huchanjwa, wakarudishwa walikotoka, wakalishwa hukohuko. Lakini Tunu alikufuata mwenyewe, akainua mkia, akakuinamishia kichwa umkune. Huyo alishashikwa na mkono wa mtu zamani. Mimi ningempa miezi mitatu. Akiwa bado hatoki, hali chakula vizuri, au Bi Shaba kaanza kumwinda kwa makusudi, mtafutie nyumba isiyo na paka mwengine. Kuna watu wa aina hiyo, uliza hapohapo sokoni.

Na mama arudishiwe kitanda chake, funga mlango wake mpaka mambo yatulie.

SWALI: Bibi, nimechukua kitoto cha paka cha miezi mitatu. Paka wangu wa miaka kumi anakikimbia, amehamia juu ya friji. Nawawekea maziwa sahani moja ili wazoeane. Sasa wote wanaharisha. – J., Morogoro

JIBU: Maziwa yaache leo. Paka wengi wakishaachishwa kunyonya hawawezi kuyayeyusha maziwa ya ng'ombe, na huko kuharisha ndiyo jibu la tumbo. Wape maji safi. Kama choo hakijashika kesho, au kina damu, kitoto kiende kwa daktari, maana kwa umri huo hukauka maji mwilini upesi.

Sahani nazo ziwe mbili, vyumba viwili. Kula sahani moja hakuwafanyi paka marafiki, kunawalazimisha kusogeleana wakati hawataki. Huyo mzee wa juu ya friji usimshushe. Mtandikie gunia huko, mpelekee chakula hukohuko, mradi anaweza kupanda na kushuka bila kuumia. Umri wa miaka kumi viungo huanza kuuma, basi sogeza stuli iwe ngazi. Kitoto kichoshe kwanza kwa kamba yenye unyoya mwishoni, kirukeruke mpaka kilale, ndipo umruhusu mzee aje akinuse kikiwa usingizini.