Si Dinosauri Wote Waliokuwa Majitu ya Magamba

Ndugu yetu wa Likoni, umeuliza kama dinosauri wote walikuwa majitu yenye magamba. Hapana: Velosirapta, dinosauri wa Mongolia, alikaribia ukubwa wa bata mzinga, na mfupa wa mkono wake uliochunguzwa mwaka 2007 ulikuwa na safu ya vinundu vidogo, mahali hasa manyoya yalipojishikiza. Kuku wa sokoni Kongowea ni wa ukoo huohuo, ingawa hana habari.

Majitu nayo yalikuwepo, tena si mbali nasi, kwani huko Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walisimamia uchimbaji wa mifupa ya Girafatitani, dinosauri mwenye shingo ndefu, ambaye leo amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Mifupa hiyo ilibebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi, na kwa maoni yangu wao ndio wangestahili kutajwa kwanza.

Ama swali lako jingine, kama Stegosauri, dinosauri mla majani, aliwahi kupigana na Tiranosauri, mla nyama, hilo halikuwezekana, maana walitenganishwa na takriban miaka milioni 80.