Bando la hamsini kila siku: ruzuku ya intaneti ingefika Langoni?

Swali: Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunakaa Langoni, Lamu, nyumba ya mawe ya zamani. Kila jioni barazani wanaume wanabishana. Mmoja anasema serikali izilipie kaya maskini intaneti, mwingine anasema huko ni kumwaga pesa, wajenge minara kwanza. Mimi nanunua bando la shilingi 50 kila siku na likifika magharibi limekwisha, kazi ya shule haijakwisha. Tuko nyumba nne tumefikiria kuchanga tuvute laini moja. Kitaalamu, lipi lina maana? Na kwa nini simu inashika darini lakini ndani haishiki?

Jibu: Wa aleikum salaam, dada yangu. Nianze na hesabu yako, maana ndiyo iliyonishika. Hamsini kwa siku 30 ni shilingi 1,500. Nairobi kuna mitaa ya watu wa kipato cha chini ambako laini ya intaneti ya nyumbani hulipiwa pesa karibu na hizo kwa mwezi, na haina kipimo. Wewe unanunua kwa kibaba, kama sukari ya dukani. Video ya somo, hata ya picha hafifu, hula kama megabaiti 450 kwa saa, kwa hiyo watoto watatu wakipokezana simu moja, bando halina budi kufa magharibi.

Kwa hiyo tatizo lako ni kulipa 1,500 kwa mkupuo, pamoja na gharama ya kufungiwa. Pesa yenyewe unaitoa tayari. Jambo hili barazani halisemwi, na ndilo ningependa lisemwe. Ruzuku ya kukufaa ni ile inayolipia kufungiwa mara moja, kisha ikaitaka kampuni yenye laini ipokee malipo ya siku au ya wiki. Ruzuku ya kukurudishia bei ya bando itakuacha kwenye kibaba kilekile.

Na kabla ya kuomba ruzuku, tazama kodi. Tangu Julai 2023 ushuru wa bidhaa kwenye data ni asilimia 15, umeshuka kutoka 20, halafu VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 inapigwa juu ya jumla hiyo. Katika 1,500 yako, takriban 375 ni ya serikali. Mkono mmoja ukuchukulie 375, wa pili uje kukupa msaada wa intaneti mbele ya kamera! Mimi ningeanza na mkono wa kwanza.

Anayetaka serikali ilipe kila mwezi atazame Marekani. Walikuwa na mpango ulioitwa Affordable Connectivity Program, kila kaya yenye kustahiki ikikatiwa dola 30 kwenye bili ya mwezi. Kaya zaidi ya milioni 23 zilijiandikisha. Bunge halikuongeza pesa, na Juni 2024 mpango ukafungwa, watu wakabaki na bili nzima. New York wakashika njia nyingine: sheria yao, iliyoanza kufanya kazi Januari 2025, inazitaka kampuni zenyewe ziuzie kaya za kipato cha chini laini kwa dola 15. Kampuni zilikwenda mahakamani kuipinga, zikashindwa.

Yule wa minara naye hajakosea, ila anazungumzia watu wengine. Mvuvi ambaye simu yake hailii mpaka atoke kijijini, ukimpa bando la bure umemlipia nauli ya boti isiyopita kwao. Kwa ajili yake kuna Mfuko wa Huduma kwa Wote chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, ambao kampuni za simu huuchangia kutokana na mapato yao. Visiwani kazi hiyo ni ghali kuliko bara. Mawimbi ya redio yanayovuka maji huakisiwa na bahari, na maji yakijaa au kupwa, njia ya mwakisiko hubadilika. Wimbi la moja kwa moja na lile lililoakisiwa yakikutana vibaya, yanauana. Siku za bamvua ndipo utasikia watu wanalaumu kampuni. Dawa ni antena mbili zilizopishana kimo kwenye mnara mmoja, yaani vifaa mara mbili, na chumvi itakuja kuvila vyote.

Sasa nyumba yako. Ukuta wa matumbawe na chokaa una unene wa karibu nusu mita na hunyonya unyevu. Ishara ya mnara inateremka kwenu kupitia kiwandani, yaani ule uwa ulio wazi juu, inaingia msana, ukumbi unaotazama uwa huo, ikifika ndani imekwisha. Darini hakuna ukuta. Nimewahi kuingia nyumba moja mitaa hiyohiyo, fundi aliyetangulia kafunga ruta, kile kifaa cha kugawa intaneti, dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, pazuri pa kutazama, na wenye nyumba wanalipa mwezi wa tatu huku mtoto akifanyia kazi ya shule mlangoni. Ruta ikae msana, juu, ikitazama kiwanda. Tumia masafa ya gigahezi 2.4, kwani yale ya 5 yana kasi lakini ukuta wenu yanauogopa. Chumba cha ndani kipelekewe waya na ruta ndogo ya pili.

Kuchanga nyumba nne kunawezekana. Laini ya megabiti 10 kwa sekunde inatosha watoto wote kusoma, mpaka mtu afungue mpira. Mwambie fundi agawe kwenye ruta kuu: kila nyumba ihakikishiwe megabiti 2.5, na isiyotumia iazime wengine. Usipofanya hivyo mtagombana wiki ya kwanza. Ombeni kibali cha maandishi kwa kampuni yenye laini, maana mikataba mingi inakataza kugawa nje ya nyumba. Mkianza kuuzia mtaa, hiyo ni biashara ya leseni. Tangu 2021 Mamlaka ina utaratibu wa leseni kwa mitandao inayomilikiwa na jamii yenyewe.

Waya usining'inizwe juu ya kichochoro, punda mwenye shehena ya mchanga ataukata. Kama nyumba zenu zimeungana kwa wikio, kile chumba cha daraja juu ya kichochoro, upite humo. Na plasta ya zamani isitobolewe kabla ya kuwauliza watu wa Makumbusho.

Kabla hujamwita fundi, tembea na simu kutoka daka hadi ndani, andika kila chumba inashika vijiti vingapi, na umuulize jirani ufunguo wa wikio anao nani.