Shingo ya gitaa imetoka mabaka

SWALI: Nina shingo ya gitaa ya mbao ya mepo, mpya, haijawahi kupakwa kitu. Niliipiga msasa kuanzia namba 120 hadi 600 mpaka ikateleza, kisha nikapaka steini (rangi inayopenya ndani ya mbao) ya maji, ya kahawia. Imetoka mabaka, na karibu na kisigino, yaani ncha inayoungana na bodi (mwili wa gitaa), kuna doa jeupe lenye umbo la kidole. Naweza kuiokoa?

JIBU: Unaweza. Kosa liko kwenye hiyo namba 600. Mepo ni mbao ngumu yenye vinyweleo vidogo mno. Ukiisugua mpaka ing'ae, steini inakosa pa kuingia, isipokuwa pale nyuzi za mbao zinapogeuka kuelekea juu. Hapo inanywa kwa pupa na kuwa nyeusi. Kabla ya steini, ishia 180 au 220, wala usiruke namba: mikwaruzo ya 120 iliyoachwa nyuma itajaa rangi na kuonekana kama michirizi. Daima sugua kwa urefu wa shingo.

Doa la kidole ni gundi au mafuta ya mkono. Gundi haitoki kwa kufutwa, ikwangue. Mafuta yaondoe kwa spiriti.

Sasa anza upya. Futa steini kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, acha ikauke usiku mzima, kisha rudi na msasa wa 150 na umalizie 220. Usijaribu kuondoa kila chembe ya rangi, maana utabadilisha unene wa shingo na mkono utaujua. Baada ya hapo ilowanishe kidogo kwa kitambaa chenye unyevu ili manyoya ya mbao (vinyuzi vyake vya juu) yasimame, ikauke, uyakate kwa 320 kwa mkono mwepesi sana. Ukiruka hatua hii, steini ya maji ndiyo itakayoyasimamisha, na shingo itakwaruza kiganja.

Kinachozuia mabaka hasa ni koti (tabaka) jepesi la shelaki, utomvu wa wadudu unaoyeyushwa kwa spiriti, isiyo na nta: gramu 10 katika mililita 150 za spiriti. Paka mara moja, subiri saa mbili, gusa kwa 320. Ukiizidisha, steini itakataa kabisa kushika. Juu yake tumia steini ya maji au ya mafuta, kamwe si ya spiriti, kwa sababu spiriti inayeyusha shelaki na kuivuruga. Jaribu kwanza kwenye kipande cha mbao ileile. Kisigino na ncha ya kichwa, ambako nyuzi za mbao zimekatwa, hunywa zaidi. Huko pitisha kitambaa kilichokaribia kukauka. Sehemu ya kisigino inayoingia kwenye bodi iache bila koti lolote, isije ikakataa kukaa. Na anayetaka shingo nyeusi tititi asihangaike na steini, apake rangi ya kufunika.

SWALI: Rangi imetulia, lakini vanishi inayong'aa inanata mkono unapoteleza. Niikwangue yote?

JIBU: Hapana. Hakikisha kwanza imekauka hadi ndani. Ikiwa ni laka ya nitroselulosi, aina mojawapo ya vanishi ya gitaa, huhitaji wiki kadhaa. Kisha ipige msasa mkavu wa 800 kwa urefu, nyuma ya shingo tu, mpaka ng'aro ife. Karatasi ikianza kuokota kahawia, simama papo hapo: umefika kwenye steini. Kwa shingo nyingine, mafuta ya kupangusa yanafaa kuliko vanishi nene: makoti matatu hadi matano, kila moja lipanguswe baada ya dakika 15 na lipewe saa 24. Vitambaa vyake vitandaze nje vikauke, kwani vikikunjwa pamoja huweza kuwaka vyenyewe.

SWALI: Naweza kutumia stilwaya (sufu ya chuma) badala ya msasa?

JIBU: Sawa, ile laini ya 0000, lakini shingo iwe imefunguliwa kutoka kwenye bodi. Sumaku za pikapu, vifaa vya kwenye bodi vinavyonasa sauti ya nyuzi za gitaa la umeme, huvuta vumbi la chuma, na kulitoa humo ni adhabu.