Kunyimwa mkopo wa kuunganisha madeni

Pole ndugu kwa kunyimwa mkopo wa kuunganisha madeni, yaani mkopo mmoja mpya wa kulipia madeni yako ya zamani. Kukataliwa wakati hujawahi kuchelewesha rejesho hata moja kunauma, ila mara nyingi shida si nidhamu yako, ni hesabu. Mkopeshaji anajumlisha marejesho yako yote ya mwezi na kuyapima na kipato. Ukipokea 1,000 na 550 zinaishia kwenye madeni, wengi watakukatalia hapo hapo, maana hawana uhakika kuwa pesa mpya itaenda kufunga madeni ya zamani. Kwa hiyo waulize kama wanaweza kuwalipa wadai wako moja kwa moja. Wengine hulegeza wakisikia hivyo.

Usikimbilie kuomba kwingine kesho. Maombi yakirundikana kwenye taarifa zako za mikopo, yaani rekodi ya ulivyokopa na kulipa ambayo wakopeshaji huiangalia, unaonekana umekwama. Chukua kwanza nakala ya taarifa hizo uikague. Deni ulilokwisha kulimaliza kusomeka bado lipo si jambo geni, na una haki ya kudai lirekebishwe.

Wakati huo ongea na wanaokudai wakuongezee muda. Rejesho litashuka, ingawa jumla ya riba itapanda. Na anayekuahidi mkopo wa uhakika mradi utangulize "ada ya usajili", huyo mkimbie.