Ukungu nyuma ya kabati

SWALI: Mshauri, shikamoo. Tunaishi Mji Mkongwe wa Bagamoyo katika nyumba ya urithi iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Nyuma ya kabati la chumba cha watoto ukuta umeota ukungu mweusi, nguo zinanuka uvundo, na mwanangu mwenye pumu anakohoa usiku. Mwaka jana fundi alipiga plasta ya saruji na rangi ya mafuta, lakini masika yalipokwisha ukungu ulirudi kwa wingi zaidi. Jirani ananishauri nichanganye Jik na siki ili dawa iwe kali. Nifanyeje? — Mama wa Bagamoyo

JIBU: Marahaba, mama. Ushauri huo wa jirani usiufuate kabisa. Jik ikikutana na siki, au na dawa ya choo yenye asidi, hutoa gesi ya klorini inayochoma macho na mapafu, na ikikutana na dawa yenye amonia hutoa gesi nyingine yenye sumu.

Ikiwa sehemu iliyoota ukungu haizidi mita moja ya mraba, unaweza kuisafisha mwenyewe, mradi mwanao asiwepo karibu mpaka chumba kikauke, na kikohozi chake akakionyeshe kwa daktari. Fungua madirisha, vaa glovu, miwani na barakoa ya N95, kwa maana leso iliyofungwa puani haizuii chembe za ukungu. Usikwangue ukuta ukiwa mkavu wala usiwashe feni wakati huo, maana chembe zitatapakaa nyumba nzima. Lowesha kwanza, sugua kwa maji ya sabuni, kisha futa na ukaushe. Kwa maoni yangu sabuni na mkono usiochoka hutosha mara nyingi, lakini ukipenda kutumia Jik, isizidi kikombe kimoja katika lita 4 za maji, peke yake. Nguo zifue na kuzianika juani. Godoro lililoingiwa na ukungu halisafishiki, litupwe.

Hata hivyo, kusafisha tu hakutakufaa kitu iwapo ukuta utaendelea kuwa na unyevu, na hapa nadhani kazi ya mwaka jana ndiyo iliyoongeza tatizo. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa polepole, ilhali saruji na rangi ya mafuta huufungia ndani, na kabati lililobanwa ukutani huzuia hata ule upepo mdogo uliopo. (Ukiona ukutani unga mweupe unaoyeyuka majini, huo ni chumvi, si ukungu, ingawa nao ni dalili ya unyevu.) Kagua kwanza paa, mabomba, na mahali maji ya mvua yanapotuama chini ya ukuta, urekebishe panapovuja. Kisha, wakati wa kiangazi cha kaskazi, mwambie fundi aondoe saruji hiyo, auache ukuta ukauke vizuri, apige plasta ya chokaa na kupaka chokaa nyeupe badala ya rangi ya mafuta. Kwa kuwa nyumba yako imo katika eneo la kihistoria, waulizeni watu wa Mambo ya Kale, idara ya serikali inayosimamia majengo ya kihistoria, kabla nyundo haijagusa ukuta. Kwa sasa, sogeza kabati kiasi cha upana wa kiganja kutoka ukutani, na msianike nguo mbichi chumbani humo.