Gari inazima ikipata moto, ikipoa inawaka: koili au kondensa?

Ndugu, kwa gari la pointi (la zamani, lenye vipande vya chuma vinavyokata na kuunganisha umeme ili cheche itoke) linalozima baada ya dakika 20 kisha likawaka likipoa, koili, kifaa kinachopandisha volti za betri ili kutoa cheche, ni mshukiwa wa kwanza, ila usinunue bado. Ipime palepale linapozima, ingali moto. Ikipoa, waya uliokatika ndani hugusana tena na mita ya kupima omu inakudanganya.

Zima swichi, chomoa nyaya zote za koili. Kati ya terminali mbili ndogo, koili ya volti 12 isiyo na rezista ya nje (kipande kinachopunguza umeme kabla haujafika kwenye koili) husoma karibu omu 3. Yenye rezista, karibu 1.5. Kutoka terminali chanya hadi tundu la katikati, la waya mnene wa cheche, tarajia kiloomu kadhaa, mara nyingi 6 hadi 12. Mita isiposoma kitu, waya umekatika.

Vipimo vikiwa sawa bado usiiachilie. Futa mdomo wa koili, penye tundu hilo la katikati, uuangalie kwa tochi: kistari cheusi chembamba kama mchoro wa penseli maana yake cheche inatorokea hapo.

Pointi zikiwa zimeungua, anza na kondensa, kile kifaa kidogo kinacholinda pointi zisiungue. Dalili zake ni hizohizo. Na koili ya omu 1.5 iliyofungwa bila rezista itaungua tena, hata iwe mpya.